Hamira Hajachelewa

Kila mwezi, kwa karibu miaka miwili, Hamira alikuwa anachelewa. Si kazini. Kazini, kwenye kiwanda kidogo cha mikate, yeye ndiye aliyewasha taa na kufunga aproni kabla wengine hawajafika. Iliyochelewa ilikuwa hedhi yake. Shuleni alifundishwa kwamba mzunguko wa mwanamke ni siku ishirini na nane, na akaishika hesabu hiyo kama alivyolishika jedwali la kuzidisha, bila kuuliza nani aliipima. Siku ya ishirini na nane ikipita kavu, moyo unaanza kumwenda mbio. Siku mbili mbele anatabasamu peke yake mbele ya tanuri. Ikifika ya nne, mama mkwe wake, ambaye hakuambiwa kitu ila hakuna kilichompita, anatoka uani na kumpokonya ndoo ya maji.

"Lete hapa, mwanangu. Wewe kakae."

Na Hamira anakwenda kukaa, mikono juu ya tumbo, mjinga wa furaha. Siku mbili baadaye damu inakuja. Anajifungia chooni, analia na bomba limefunguliwa ili asisikike, halafu anatoka na kuichukua ndoo yake mwenyewe. Mama mkwe anageukia upande mwingine na kuanza kutafuta kitu ambacho hakijapotea. Kama kuna aibu kubwa kuliko kubeba ndoo mbele ya mtu mwema aliyekuwa ameshakupumzisha, Hamira hakuwa ameiona.

Jina la Hamira walimpa kiwandani, wala si kwa sababu ya mikate. Ni hasira zake. Zilikuwa zinaumuka upesi, zinajaa beseni, zinataka kumwagika, halafu ukizigusa kwa kidole zinanywea zote na mwenye nazo anaanza kukuomba msamaha. Mumewe alimpenda na hasira zake. Huyo alikuwa fundi wa minara ya simu: anapanda vyuma virefu, anafunga antena, anashuka na njaa. Kazi ilimweka safarini majuma matatu, ikamrudisha nyumbani siku chache, ikamchukua tena.

Siku hizo chache zilipangwa na wifi. Wifi, dada mkubwa wa fundi, alikuwa na watoto watatu na alijua kila kitu, na asichokijua alikijua zaidi. Harusi haijatimiza mwaka alikuwa ameshatoa amri: "Hesabu kumi na nne tangu damu ianze. Hiyo ndiyo siku. Nyingine zote ni mapenzi tu."

Basi wakafuata. Fundi alibadilishana zamu na wenzake, akawafanyia kazi za sikukuu, akawabebea vifaa vizito, almradi siku ya kumi na tatu, ya kumi na nne na ya kumi na tano awe kitandani kwake. Siku ya kumi na sita alfajiri anambusu mke, anabeba mkanda wake wa usalama, huyo. Hakuna askari aliyewahi kutii amri vizuri kuliko wale wawili, na hakuna walichopata.

Halafu ikaja habari ya mradi. Kampuni ilikuwa inajenga msururu wa minara mipya mbali huko, na fundi alichaguliwa. Miezi minane, hakuna likizo, kuanzia baada ya miezi mitatu. Hakuweza kukataa; aliyekataa mwaka uliopita sasa alikuwa anauza vocha za simu mtaani.

Wifi alipoisikia, alikunja uso wa huruma, ule unaouma kuliko kofi. "Miezi minane ni mingi, wifi, kwa mwanamume asiye na mtoto wa kumvuta nyumbani."

Beseni likajaa. Hamira alimjibu maneno ambayo hayaandikiki, na jioni hiyohiyo akampelekea mkate wa moto kuomba radhi. Lakini maneno ya wifi yalikuwa yameshaingia. Alianza kuamini kwamba mwili wake ni mbovu, kwamba kila mwezi unamwahidi kitu kisha unamcheka, na kwamba baada ya miezi minane mume atarudi akiwa mgeni. Mtoto alimtaka kweli. Alimtaka mpaka akikanda unga mikono ilikuwa inasahau inakanda nini.

Aliyemwokoa ni muuza dawa, tena kwa kukataa kuuza. Kila mwezi, siku chache baada ya mume kuondoka, Hamira alikuwa anaona ute mwepesi, mwingi, unaovutika. Aliamini ni ugonjwa. Kwa hasira zake aliwahi hata kumdhania fundi wa watu, kwamba ndiye anayeuokota safarini. Kila ulipotokea, alikwenda dukani kununua vidonge.

"Dada," muuza dawa akamwambia safari hii, kiganja juu ya boksi, "hii ni mara ya ngapi? Inawasha?"

"Hapana."

"Inanuka? Inauma?"

"Hapana."

"Unakuja, halafu unaisha wenyewe?"

"Baada ya siku tatu nne hivi. Nadhani ni vidonge."

"Mimi nadhani si vidonge. Leo sikuuzii. Nenda kliniki, muulizie mkunga, umweleze kama ulivyonieleza."

Mkunga alikuwa mama mnene mwenye kandambili za chumbani na sauti ya mtu aliyezoea kusema na watu wanaopiga kelele. Kwenye droo yake, kati ya glavu na pamba, kulikuwa na njugu, na alikuwa anazitafuna wakati Hamira anamwaga yake yote: kuchelewa, ndoo, siku ya kumi na nne, ute, mradi, wifi. Hakumkatiza. Mwisho alishusha kalenda kutoka ukutani na kuiweka mezani.

"Nionyeshe damu ilianza lini. Mwezi huu, uliopita, mpaka unapokumbuka."

Hamira alikumbuka zote. Nani anasahau siku alizolia? Akaonyesha kwa kidole, na mkunga akawa anahesabu kwa midomo. Thelathini na nne. Thelathini na tatu. Thelathini na nne. Thelathini na tano.

"Nani alikwambia unachelewa?"

"Si siku zinapita, mama? Ishirini na nane zinapita, na mimi bado."

"Ishirini na nane za nani?"

Hamira akaitazama tena kalenda.

"Za kitabu," mkunga akajijibu mwenyewe. "Kuna wanawake wa ishirini na nne, kuna wa thelathini, kuna wewe. Wote wazima. Mwanangu, wewe hujachelewa hata mara moja. Unafika kwa saa yako, tena vizuri kuliko wafanyakazi wangu hapa."

Halafu akasogeza kiti na kueleza, bila haraka. Kwamba yai likishapevuka na kutoka, damu hufuata baada ya kama wiki mbili. Kipande hicho hakibadiliki sana. Kinachorefuka au kufupika ni kipande cha mwanzo, kabla yai halijatoka. Kwa hiyo mwenye mzunguko mrefu kama wake, yai lake halitoki siku ya kumi na nne. Linatoka karibu na ya ishirini. Kwamba yai likitoka haliishi zaidi ya siku moja, lakini mbegu za mume zinaweza kulisubiri siku kadhaa ndani ya mwili, zikipata mahali pazuri pa kukaa.

"Na mahali pazuri ni wapi?" Hamira akauliza.

"Ni huo ute unaoununulia dawa."

Mkunga akampa njugu.

"Ukiwa kama ute wa yai bichi, unavutika kati ya vidole, ujue yai liko njiani. Hizo ndizo siku zenu. Wewe ulikuwa unapewa habari kila mwezi, na unakwenda kuitafutia vidonge."

Hapo Hamira alikumbuka kitu kilichomchoma. Kila wiki alikuwa anawafokea wenzake kiwandani wanaoingiza unga tanurini kwa sababu saa imesema. "Unga hausomi saa," huwaambia. "Leo baridi, utaumuka polepole. Uangalie wenyewe." Yeye, Hamira mzima, bingwa wa kuangalia unga, alikuwa anaungoja mwili wake na saa ya mtu mwingine mkononi. Akaanza kucheka. Akacheka mpaka ikawa kilio, na mkunga, aliyeona mengi, akaendelea kutafuna.

Aliondoka na maagizo. Auangalie ute kila siku. Apime joto la mwili kila asubuhi akiamka, kabla hajakanyaga sakafu, kwa sababu yai likishatoka joto hupanda kidogo na kubaki juu mpaka damu ije. Na mume naye apimwe, maana mtoto hatengenezwi na mtu mmoja. "Tena usidhani ukilenga siku ndiyo umemaliza," mkunga alimwambia mlangoni. "Hata waliolenga vizuri hukosa, wengine mwezi wa kwanza, wengine wa sita. Ila angalau mtakuwa mnabisha mlango wenye mtu ndani."

Kipimajoto ndicho kilicholeta vituko. Kliniki walikuwa wameishiwa, na Hamira si mtu wa kusubiri kesho. Akatumia alichokuwa nacho. Fundi, aliyerudi kwa siku chache kusaini karatasi za mradi, ute ukiwa umeshakauka, alifumbua macho alfajiri akamkuta mkewe kalala chali, mkono kifuani, na kipimajoto cha mikate kimesimama mdomoni, chuma chake kirefu kama sindano ya kushonea magunia.

Akamtazama kwa muda. "Umeiva?"

Hamira hakuweza kujibu. Alikuwa ameambiwa asifungue mdomo.

Fundi akakichomoa taratibu, akakisogeza dirishani asome. "Hiki hata namba za mtu hakina. Mkate unautoa ukifika ngapi?"

"Tisini na tano."

"Mke wangu, ukifika tisini na tano, mkunga hatatusaidia."

Walicheka mpaka mama mkwe akagonga ukuta. Halafu, wakiwa bado chini ya shuka, Hamira akamweleza yote. Fundi alisikiliza kama anavyosikiliza maelezo ya kazi, akirudia kila kitu kwa vidole ili ahakikishe. Siku ya kumi na nne. Siku ya ishirini. Anaondoka ya kumi na sita.

"Kwa hiyo mimi," akasema mwishoni, "miaka miwili nilikuwa napiga simu kabla mtandao haujawashwa."

"Halafu ukiwashwa uko juu ya mnara."

Hakucheka tena. Alitazama dari, akasema kwa sauti ndogo kwamba alidhani ni yeye. Kuna watu kazini walikuwa wanasema antena zinaunguza uzazi wa mwanamume, na alikuwa amelibeba hilo peke yake, akihofia siku mkewe atakapojua na kumwacha. Hamira akamshika uso kwa mikono yake miwili ya unga. Hakuwahi kumwonea huruma vile. Wiki hiyohiyo fundi alikwenda kupimwa, na majibu yakatoka mazuri. Alirudi nyumbani anatembea katikati ya barabara, na siku iliyofuata akanunua kipimajoto cha watu.

Hamira akajifunza. Mwanzoni alikuwa kama mtu anayesikiliza lugha ngeni: anashika neno moja, yanampita matano. Siku moja alipima joto baada ya kunywa chai, akashangilia bure. Siku nyingine akaamka kwa kuchelewa, akapima huku amevaa kiatu kimoja. Lakini kidogo kidogo aliuzoea mwili wake. Aliona siku kavu zinavyofuata damu, kisha unyevu mzito kama losheni, kisha ule ute mwepesi alioujua vizuri kuliko mtu yeyote mtaani, maana kila siku alikuwa anatenganisha ute na kiini cha mayai kwa ajili ya keki. Aliona kwamba siku hizo anakuwa mchangamfu, anaimba, na hata wifi anamvumilia. Kesho yake kipimajoto kinapanda kidogo tu, hakirudi. Mara ya kwanza alipokiona kimepanda kama mkunga alivyosema, alikaa kitandani akijisikia fahari, kama mtu aliyesoma barua yake mwenyewe bila kusomewa.

Walijaribu mara moja kabla ya mradi kuanza, safari hii siku zenyewe, baada ya fundi kumsihi msimamizi wake mpaka akachoka. Hawakupata. Damu ilikuja siku ileile Hamira aliyokuwa ameitaja. Alilia, ndiyo, lakini hakufungua bomba. Hakukuwa na uongo wowote wa kulilia. Mwili ulisema damu itakuja, ikaja.

Siku tano baadaye fundi akapanda gari la mradi na kwenda zake.

Hapo ndipo wengi wangekunja jamvi. Hamira alihesabu, akatazama tarehe, na akaona kwamba kama mume haji kwa mke, miguu ya mke haijavunjika. Akamwomba bosi wa kiwanda siku nne. Bosi, ambaye hakuwahi kuombwa na Hamira hata saa moja, alishtuka akauliza kama kuna msiba. "Hakuna," Hamira akasema, "nakwenda kwa mume wangu," na akaacha bosi amalizie mwenyewe kichwani.

Mama mkwe ilikuwa ngumu zaidi. Hamira alimkuta jikoni anapanga vikombe na akaamua kusema moja kwa moja, kwa sababu kuzunguka hakumfai mtu mwenye hasira.

"Mama, nasafiri. Siku zangu za kushika mimba zinaanza kesho kutwa."

Mama mkwe akashika kikombe kimoja muda mrefu. "Mtu anazijuaje hizo?"

Hamira akamweleza, kuanzia mwanzo. Alitegemea kukaripiwa. Badala yake mama akavuta kigoda na kukaa.

"Mimi nimezaa watano," akasema, "na sikujua hata mmoja amekujaje. Nilikuwa nagundua nguo zikianza kubana. Huu ute nao nilikuwa nao. Mama yangu alinipa majani nichemshe." Akatikisa kichwa. "Na mimi nikakupokonya ndoo mwezi baada ya mwezi. Nisamehe, mwanangu. Nilidhani nakupa moyo."

"Ulinipa, mama."

"Nilikuvunja. Nenda. Wifi yako akiuliza nitamwambia umekwenda semina ya keki."

Safari ilikula siku nzima. Mafundi wanne walikuwa wamepanga nyumba ya vyumba viwili pembeni ya mji mdogo wenye vumbi, soksi zimeanikwa kila mahali, na Hamira akaingia na mfuko wa mikate na macho ya mtu ambaye hakuja kutalii. Wale wenzake fundi hawakuwa wajinga. Mmoja akasema jenereta la mnara wa tatu linahitaji kulindwa usiku. Mwingine akasema halilindwi na mtu mmoja. Wa tatu akachukua mkate mzima kwapani na kuwafuata. Hilo jenereta lililindwa siku tatu mfululizo, vikali kuliko benki.

Alirudi nyumbani, akarudi kwenye unga. Wifi alimwuliza kuhusu semina, naye akasema amejifunza mengi. Kila asubuhi kipimajoto mdomoni. Kikapanda, kikakaa. Siku ya ishirini na nane ikapita na Hamira hakuhisi chochote, maana haikuwa yake. Mama mkwe alikaa kimya kwa shida, kama mtu aliyejaza maji mdomoni. Ikafika thelathini na nne. Thelathini na tano. Joto liko palepale. Siku ya thelathini na saba Hamira alimaliza kutoa mikate ya asubuhi, akavua aproni ya tanuri, akaenda kwa mkunga na ile ya unga bado kiunoni bila kujua.

Mkunga alimpa kikopo, akatumbukiza kipimo, na wote wawili wakakitazama juu ya meza. Mstari mmoja ukatokea. Ukakaa peke yake kwa muda ambao Hamira hangependa kuurudia. Kisha wa pili ukaja, hafifu kwanza, halafu ukakolea.

"Sasa ndiyo umechelewa," mkunga akasema, na akampa droo nzima ya njugu.

Hamira alitoka nje, nyuma ya jengo, penye mashuka yaliyoanikwa, akapiga simu. Ililia sana. Ilipopokelewa, alisikia upepo kwanza.

"Uko wapi?" akauliza.

"Juu."

"Juu wapi?"

"Juu kabisa. Naona mpaka ng'ambo ya mto. Kuna nini? Mama mzima?"

"Mzima. Wote wazima."

Upepo ukavuma kwenye simu. Hamira alivuta pumzi aseme.

"Subiri," fundi akasema, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Usiniambie. Nishuke kwanza."

Hakukata. Hamira alisikia ndoano za mkanda zikifunguka na kufunga, klik, klik, buti zikitafuta ngazi, pumzi za mtu mzito anayejizuia asikimbie. Alisikia mwenzake akiuliza kwa mbali kama kuna tatizo, na fundi akijibu nashuka, nashuka. Ilichukua muda mrefu. Hamira alisimama katikati ya mashuka, mkono mdomoni, akimwombea kila ngazi.

"Nimefika," fundi akasema mwishowe. "Niko chini. Nimekaa kwenye udongo. Sema sasa."

Akamwambia.

Hamira akasikia mwanamume mzima analia kwa sauti, bila kujificha, na miguu ya watu ikija mbio, na mtu akiuliza kwa hofu, "Nani amekufa?"

"Hakuna," fundi akawajibu, akitafuta pumzi. "Hakuna aliyekufa. Kuna mtu anakuja."